Mchongoma wa Ngitilini

Ua wa Kisukuma haulishi mtu. Ukitoka Tinde kuelekea Shinyanga mjini, kaya nyingi utakazozipita zimezungushiwa minyaa, mmea wa kijani wa vijiti vitupu wenye utomvu mweupe unaochoma. Mbuzi hawaigusi, ng'ombe hawapenyi. Mtoto huambiwa mapema kwamba tone moja likimwingia jichoni atashinda ndani na kitambaa usoni, naye akikua humwonya mdogo wake vivyo hivyo. Ni ua wa kuzuia, na kazi hiyo unaiweza. Matunda hauna.

Nalitaja hili kwanza kwa sababu nilikwenda Shinyanga kutafuta matunda ya porini ya kuloweka kwenye pombe kali, na aliyenitia hamu hiyo ni rafiki yangu anayeishi Uingereza. Kule, uani ndiko kwenye mavuno. Mashamba mengi ya nchi ile yalizungushiwa miiba katika karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19, Bunge lao lilipokuwa likipitisha sheria juu ya sheria za kuyageuza malisho ya watu wote kuwa mali ya wachache. Baadhi ya miiba hiyo huzaa tunda dogo jeusi liitwalo sloe, lenye ukakasi usiovumilika mdomoni. Watu wakalitia kwenye jin pamoja na sukari, wakaliacha miezi kadhaa, likawapa kinywaji cha Krismasi. Rafiki yangu huchuma kila mwaka na kunitumia picha za ndoo yake. Siku moja nilimjibu kwamba pombe kali tunayo, matunda ya porini tunayo, sijui nani kwetu amewahi kuvikutanisha.

Ilikuwa mwezi wa tano. Mvua zilikwishaaga, mpunga umekatwa kwenye majaruba, na kwenye vituo vya ushirika magunia ya pamba yalikuwa yameanza kupangwa. Kijana wa bodaboda niliyempata Tinde alinisikiliza hadi mwisho, akacheka. "Matunda ya porini? Hayo ni ya watoto wa kuchunga." Akawasha pikipiki, akazima tena. Alimkumbuka mwalimu mmoja mstaafu, kijiji cha mbele kidogo, ambaye watoto humpelekea matunda naye huwalipa kwa madaftari na kalamu. "Anayafanyia nini sijui. Wengine wanasema dawa."

Basi tukaenda kwa Mwalimu.

Kwake nako ua ni wa minyaa, umekatwa vizuri kwa panga. Tulisalimiana, mkewe akaleta viti chini ya mwarobaini, tukaulizana habari za safari, za mvua na za bei ya pamba, kisha nikaeleza shida yangu. Mwalimu hakuonyesha mshangao wowote. Alivua kandambili, akavaa mabuti, akasema twende ngitilini kabla jua halijawa kali.

Kwa asiyeijua, ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza ili majani yakue, na kulifungua kiangazi kikishakaza, ng'ombe wakiwa hawana pengine pa kwenda. Zipo za familia na zipo za kijiji kizima, na anayeingiza mifugo kabla ya wakati hukutana na sungusungu, walinzi wa kijiji. Kwa kuwa mdomo wa ng'ombe haufiki humo miezi yote hiyo, majani hukua pamoja na kila kitu kilichokuwa kimejificha ardhini kikisubiri nafasi.

Na Shinyanga vilikuwa vimejificha vingi. Wakati wa ukoloni mji huu ulikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na moja ya dawa zao dhidi ya mdudu huyo ilikuwa kufyeka vichaka hadi abaki bila kivuli. Baadaye ikaja pamba, ng'ombe wakaongezeka, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alipoutembelea mkoa, alikuta nchi inayoelekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao wazee wa hapa bado wanautaja kwa jina hilo ingawa ulimalizika mwaka 2004. Ulipoanza, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Miti mingi haikupandwa na mtu. Watu waliacha tu kuikata, visiki vikachipua.

"Mimi nilihamia hapa pakiwa peupe," Mwalimu aliniambia, akinyoosha mkono kuelekea kilimani. "Ungeweza kumwona mtu anayekuja, ukapika chai, na asiwe amefika."

Mchongoma, mti tuliouendea, haupendezi kuutazama. Ni kichaka cha kimo cha mtu au zaidi kidogo, na shina lake lina miiba mirefu iliyoota bila mpango. Matunda yamejipanga kwenye matawi, mengine mabichi, mengine mekundu, machache yakiwa ya zambarau iliyokaribia weusi. Haya ya mwisho ndiyo anayoyataka Mwalimu. Hulibonyeza kila moja kwa kidole gumba, lisilokubali analiacha. Nilikula moja. Uchachu ulitangulia, utamu ukafuata, kisha mbegu ndogo kadhaa za kutema. Ushindani mkubwa hapa ni wa mbuzi watoro, ambao huinuka kwa miguu ya nyuma na kuyamaliza ya chini yote kabla watoto hawajatoka shule.

Hatua kadhaa mbele ulisimama mtalali. Matunda yake, ntalali, hayachumwi. Yakiiva huanguka yenyewe, meusi, yenye mikunjo, na utamu wake uko karibu na wa tende. Sokoni Tabora na Shinyanga huuzwa kwa kisado, na akina mama huyaanika yakakaa miezi. Pembeni kabisa mwa ngitili kulikuwa na mng'ong'o ambao msimu wake ulikwishapita. Matunda ya mti huo huo ndiyo Waafrika Kusini wanayotengenezea kileo kizito cha maziwa kiitwacho Amarula, ambacho kimo madukani tangu mwaka 1989 na kimevuka bahari. Nilimwambia Mwalimu. Alijua. "Hapa yanaliwa na mbuzi," akasema, "na mbuzi hawajawahi kulalamika."

Kazi yenyewe ilifanyika ghalani, na ina sababu yake kufanyika huko. Mkewe ni mwimbaji wa kwaya ya kanisa la AIC na haruhusu kileo kivuke kizingiti cha nyumba. Hajagombana na mumewe kuhusu jambo hilo. Walikubaliana mipaka zamani. Mitungi ya Mwalimu inakaa nyuma ya magunia ya pamba. Matunda ya mchongoma yanayobaki mkewe huyapikia jamu. "Wageni wake wanakaa ghalani," aliniambia mama, "wa kwangu wanakaa sebuleni. Wewe chagua mwanangu." Nilikaa kote kuwili.

Mwalimu aliyamwaga matunda kwenye ungo. Yaliyochumwa jana yalikuwa yamekwishakaa kivulini siku nzima yapungue maji, na hilo lina maana yake. Konyagi, pombe kali ya kiwandani anayoitumia, ina kilevi cha asilimia 35. Kila tunda linalotumbukia humo linaongeza maji yake, na nguvu inashuka. Ukijaza matunda ambayo hayajapungua maji hadi mdomoni, baada ya wiki mbili una kitu dhaifu ambacho kinaweza kuanza kuchacha upya ndani ya chupa. Hivyo matunda hayazidi theluthi moja ya mtungi, na mtungi ni wa kioo. Ndoo za plastiki hazitaki, kwa kuwa pombe kali hung'oa harufu ya plastiki yenyewe na kuibeba.

Kisha akachukua mwiba wa mchongoma, mrefu kama inchi moja na nusu, akaanza kuyatoboa matunda moja moja, mara tatu kila moja. Nilimweleza kwamba Waingereza wa zamani nao walizitoboa sloe kwa mwiba wa mti wenyewe, na wapo wanaosema ni mila. Alinitazama juu ya miwani. "Wangetumia nini kingine? Mwiba si uko pale pale."

Akamimina Konyagi hadi matunda yote yakazama, kwa kuwa linaloelea juu ya uso ndilo linaloota ukungu. Akafunga. Wiki ya kwanza huugeuza mtungi kila siku, baada ya hapo anausahau. Maji yangeweza kuitoa rangi, lakini pombe hutoa rangi pamoja na mafuta yenye harufu yaliyomo kwenye ganda, ambayo maji hayayawezi. Hutoa pia ukakasi, na hapo ndipo panapohitaji ujuzi. Ntalali ina kokwa kubwa, na ukiiacha sana kokwa huanza kutia uchungu. Huitoa baada ya wiki mbili. Mchongoma unaweza kukaa miezi miwili, mitatu, ukazidi kukoza. Asali, inayotoka kwenye mizinga ya ngitili hiyo hiyo, hutiwa mwisho kabisa baada ya kuchuja, kijiko kwa kijiko, huku akionja.

Alinimiminia ya mwaka jana kwenye kikombe cha bati. Ya mchongoma ilikuwa nyekundu iliyokoza na ilipanda puani kabla sijaifikisha mdomoni. Uchachu ulikuwa umetulia, ukali wa Konyagi umepata kitu cha kushikana nacho, na mwishoni kulibaki ladha ya ganda la tunda, kavu, iliyonifanya nitake tena. Ya ntalali sikuipenda. Nzito, tamu ya kuchosha, na bila shaka itapata wapenzi miongoni mwa wanaokunywa dawa ya kifua kwa hiari. Mwalimu hakuudhika. Alisema hata yeye huitengeneza kwa ajili ya shemeji yake.

Ujuzi huu ameupatia wapi? Njia ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF walikuwa Tabora wakiwafundisha akina mama kutengeneza mvinyo, jamu na juisi kutokana na matunda ya misitu ya miombo. Dada yake alikuwa mmoja wa akina mama hao, naye Mwalimu akawa anaingia kunakili daftari lake. Mvinyo wa furu, mojawapo ya matunda hayo, ulikuwa mzuri sana wiki za mwanzo. Kisha ukawa siki. Kileo cha matunda kikipata hewa hugeuzwa na bakteria, na nyumbani, kwenye mtungi unaofunguliwa kila jirani anapopita kuonja, hewa haikosekani. Baada ya misimu kadhaa ya siki Mwalimu akaamua kuliacha jukumu la kutengeneza kileo kwa kiwanda, yeye abaki na tunda.

Nilimuuliza kwa nini asipike gongo. Nilitegemea anitajie polisi. Akanipa kipindi cha kemia.

Maganda ya matunda, alisema, yana pektini, ile inayoifanya jamu ya mkewe igande. Matunda yakichachushwa, sehemu ya pektini hiyo inazaa methanoli, ndugu mbaya wa kileo tunachokunywa. Sukari na nafaka hazitoi kiasi hicho. Kileo cha kawaida huchemka kwenye nyuzi 78, methanoli kwenye 65, lakini ndani ya pipa lililochanganyika hazipangi foleni. Zinatoka pamoja, na mpishi asiye na kipimo hawezi kusema kwa uhakika ipi iko wapi. Mwilini methanoli hugeuka sumu inayoshambulia mishipa ya macho. Vifo vya watu wengi kwa mpigo, kama vya Nairobi mwaka 2000 ambapo zaidi ya watu 100 walikufa, husababishwa zaidi na methanoli ya kiwandani iliyomwagwa kwenye pombe na wafanyabiashara, si na maganda ya matunda. Lakini Mwalimu alifundisha somo hilo miaka yote na hakutaka kuwa mfano wake. "Kuloweka si kupika," alisema. "Hapa sijachemsha kitu."

Sheria nayo inatofautisha. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 inakataza kupika gongo bila leseni, na hata kukutwa nayo ni kosa. Kila wiki mahakama za mwanzo na za wilaya zinapata wateja kwa sheria hiyo. Kwa Uganda, sheria ya mwaka 1965 ya enguli, gongo yao, iliwataka wapishi wa vijijini wawe na leseni na kuuza kwa kiwanda, ambacho kiliisafisha ikawa Uganda Waragi. Kenya waliihalalisha chang'aa mwaka 2010, kwa masharti. Sisi tulibaki na katazo, na gongo ikabaki ilipokuwa, kila mahali. Mwaka 2017 serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi, wanywaji wa vipato vidogo walipoteza pombe kali halali ya bei rahisi. Walikoelekea wengi wao hakuhitaji utafiti.

Nilipoondoka Mwalimu alinifungia chupa moja ya mchongoma kwenye gazeti, na mama akanitilia kopo la jamu kwenye mfuko wa pembeni, ili, kama alivyosema, nisiseme nimetumwa na upande mmoja.

Kutoka hapo nilielekea Geita, kuona wanaopika gongo nao hufanya nini. Kutoka Kahama barabara ya Geita inapita Segese na Kakola, ulipo mgodi wa Bulyanhulu, na kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo nchi inavyobadilika. Mvua huku ni nyingi zaidi. Migomba inaanza, mananasi yanauzwa kando ya njia, na katikati ya mashamba ya mahindi utaona mfuru mmoja mmoja ulioachwa wakati wenzake wanafyekwa. Watu wa huku, hata wakisafisha shamba kwa moto, mti wa matunda huuacha. Miombo mingine haina bahati hiyo: maduara, mashimo ya wachimbaji, yanashikiliwa kwa magogo, matimba, yanayoshushwa ardhini kila siku, na magogo hayo yanatoka msituni.

Nyarugusu, machimbo ya dhahabu mkoani Geita, niliifika alasiri. Makarasha yalikuwa yakisaga mawe kwa kelele ambayo baada ya saa moja huisikii tena, na vumbi jeupe limetanda juu ya mabati, majani na nguo zilizoanikwa. Mwenyeji wangu, mmiliki wa karasha moja, alinipeleka kula ugali wa muhogo na sato, kisha nyuma ya mabanda, kwenye kilabu.

Mama anayeuza pale alinikaribisha kwa jicho la kunipima, hadi mwenyeji wangu aliposema mimi si mtu wa serikali. Gongo yake hutolewa kwa toti kutoka kwenye dumu, nyeupe, na harufu ya hamira haijatoka yote. Anapikia sukari. Zamani alipokuwa kwao Sengerema walipikia muhogo, na msimu wa maembe hata maembe, lakini hapa, alisema, sukari inachacha upesi na mteja hasubiri. Nikamtajia furu, mbula, mchongoma. Akaguna. "Nani atachuma? Kijana aliyekuja kuchimba dhahabu umtume akaokote furu?" Akamhudumia mtu, akarudi. "Na akiokota, ataniuzia kwa bei ya dhahabu."

Lakini kuloweka wanakujua. Meza ya jirani kulikuwa na mzee mwenye chupa zilizojaa vijiti na magome ndani ya gongo iliyogeuka kahawia, kila chupa na kazi yake: hii ya mgongo, hii ya tumbo, ile ya kumrudishia mtu heshima kwa mkewe. Hakutaka kusema ni mizizi ya miti gani, na sikumlaumu, hiyo ndiyo mali yake. Anachokifanya ndicho anachokifanya Mwalimu ghalani, kasoro kioo na kasoro chanzo cha pombe. Mzizi unachimbwa mara moja na unakaa mwaka mzima, haukuharakishi kama tunda linaloiva wiki tatu na kuisha. Nadhani ndiyo maana machimboni umeshinda. Wachimbaji huhama, fununu ya mwamba mpya ikitoka leo, kesho nusu ya kilabu imehamia huko. Mtu asiyejua mwezi ujao atalala wapi hawezi kuweka mtungi wa kufunguliwa baada ya miezi miwili.

Kitu kilichonikaa zaidi Nyarugusu nilikiona asubuhi yake, nyuma ya karasha. Mawe yakishasagwa, unga wake hupitishwa na maji kwenye kialo chenye gunia, kinachobaki kinachanganywa na zebaki kwenye karai, zebaki inashikana na dhahabu, kisha donge linachomwa ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Wengi huchoma hadharani, juu ya mkaa, wakiwa wameinamia. Mwenyeji wangu alikuwa na kifaa cha kunasia mvuke: kikombe cha chuma chenye kifuniko cha kubana, na bomba linalotoka juu, likapinda, likashuka hadi kwenye beseni la maji. Moto chini, mvuke unapita bombani, unapoa, unarudi kuwa tone.

Nilimtazama, naye akanitazama, akacheka. "Sema tu. Ni mtambo wa gongo."

Na kweli ndio. Zebaki inataka nyuzi 357 kuchemka na kileo kinataka 78, basi; bomba ni lile lile, beseni ni lile lile. Vifaa vya namna hii vimehubiriwa huku miaka mingi. Mradi wa kimataifa wa zebaki ulioongozwa na UNIDO kuanzia mwaka 2002 uliichagua Rwamgasa, hapa hapa Geita, kuwa mahali pake pa mfano nchini. Mvuke wa zebaki mara nyingi hauui kwa usiku mmoja. Unaingia mapafuni, unafika kwenye ubongo na figo, na baada ya miaka mikono inatetemeka. Nilimuuliza kwa nini wenzake hawatumii bomba wakati kila mmoja wao anajua gongo inatokaje. Alisema kifaa kinachelewesha, na mwenye donge mkononi anataka kuiona dhahabu yake ikigeuka njano kwa macho yake, si ikiwa imefungiwa ndani ya chuma. Wanaogopa isije ikaibwa humo. Kwa gongo wana subira ya kungoja tone kwa tone. Kwa dhahabu hawana.

Nilimwonjesha mchongoma wa Mwalimu. Akaionja, akaionja tena, akasema ni ya wanawake, akanyoosha kikombe niongeze.

Geita mjini ni kasi nyingine. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012, mgodi mkubwa wa GGM unafanya kazi tangu mwaka 2000, na soko la dhahabu lililofunguliwa mwaka 2019 limewaleta wanunuzi wanaolala hotelini na kutaka kunywa kitu chenye lebo. Kwenye baa moja ya watu wa namna hiyo nilimkuta mwenye baa mwenyewe kaunta, mama wa makamo, miwani shingoni, anayezijua chupa zake kwa namba. Nilimweleza chupa niliyoibeba imetoka wapi na imetengenezwaje. Alimimina kidogo kwenye glasi, akainyanyua kwenye taa, akanusa, akanywa. Hakusema kitu kwa muda, kisha akauliza kama yule mzee ana leseni ya vileo, alama ya TBS na stempu ya TRA. Nikasema hana, anatengeneza ya kunywa na shemeji zake. "Basi kwa sasa hii siuzi," alisema, "lakini aende SIDO wamwelekeze. Akishakamilisha, mimi kwa wiki nachukua thelathini."

Nilimpigia Mwalimu pale pale na kuweka sauti ya simu juu. Aliposikia thelathini kwa wiki alicheka hadi akakohoa. Mwaka huu mzima alikuwa na chupa kumi na moja. Nne zimekwenda, moja iko mbele yetu kaunta, na moja shemeji ameificha. Tukaanza kupiga hesabu: chupa moja inakula karibu nusu kilo ya matunda yaliyoiva, mchumaji ni mtoto anayerudi na mbuzi jioni, malipo ni daftari, na mbuzi wenyewe hawajakubali kupunguza. Tena hiyo ni ngitili moja, wiki chache kwa mwaka. Mama wa baa akauliza kama majirani nao hawana mchongoma. Wanao, Mwalimu akasema, wote wanao, ila wanaukata kuni kwa sababu una miiba na hakuna aliyewahi kuwauliza bei.

Ndipo sauti ya mkewe ikaingia kutoka mbali, akitaka simu. Alisikika akiipokea na kuisogeza mdomoni. Huyo mama wa Geita aambiwe, alisema, kwamba jamu ipo, makopo ishirini, na haihitaji leseni ya vileo.

Mama wa baa alinyoosha mkono akaichukua simu kwangu. "Shikamoo mama," akasema. "Hiyo jamu ni shilingi ngapi?"